Machozi ya Kinyozi wa Natchez

Mwanafunzi afunguaye kitabu cha ramani na kuitazama nchi ya Marekani ataona mto mkubwa utokao kaskazini ukishuka mpaka baharini upande wa kusini. Mto huo ndio Mississippi. Sisi tuliolelewa karibu na Lualaba, Kasai na Kongo hatuna haja ya kufundishwa faida ya mto. Mto ni njia, mto ni soko, mto ni kitoweo. Lakini wazee wetu walijua pia kwamba njia ile ile iletayo chumvi na samaki yaweza kuleta watu wenye minyororo mikononi.

Kandokando ya Mississippi, juu ya genge refu la udongo, upo mji mdogo uitwao Natchez. Zamani ulikuwa mji wa matajiri wa pamba, na nje kidogo ya mji huo palikuwa na soko kubwa la watu. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari zake. Hatufanyi hivyo ili kuamsha chuki juu ya watu waliokwisha kufa, kwa maana Hakimu wao yuko, naye hakosei. Twafanya hivyo kwa sababu katika mji ule aliishi mtu mmoja mweusi, kinyozi, ambaye maisha yake yatuuliza swali gumu, na swali hilo laingia hata nyumbani mwetu.

Mji juu ya genge

Wenyeji wa kwanza wa mahali pale walikuwa kabila la Wanatchez, na jina lao ndilo lililobaki. Mwaka 1716 Wafaransa walijenga ngome juu ya genge. Mwaka 1729 wenyeji, wakiwa wamechoka kunyang'anywa ardhi yao, waliwashambulia. Wafaransa walilipiza kisasi kikali: wengi wa kabila hilo waliuawa, na wengine wakauzwa utumwani visiwani. Baadaye wakaja Waingereza, kisha Wahispania, na mwaka 1798 bendera ya Marekani ikapandishwa. Bendera zilibadilika, lakini taabu ya mtu mweusi aliyeletwa huko haikubadilika.

Mji ulikuwa na sehemu mbili. Juu ya genge zilikuwako nyumba nzuri zenye nguzo nyeupe, mahakama, maduka na makanisa. Chini, penye maji, ilikuwako bandari yenye maghala, vilabu vya pombe, wacheza kamari na mabaharia. Meli ya kwanza ya moshi ilishuka mto huo mwishoni mwa mwaka 1811, ikafika New Orleans mwezi wa Januari 1812. Tangu hapo bandari haikupata usingizi. Kila majira ya mavuno marobota ya pamba yalirundikwa ukingoni kama vichuguu, na Weusi ndio walioyateremsha gengeni na kuyapakia melini.

Pamba na kitambaa cha amerikani

Chanzo cha utajiri huo ni pamba, na pamba ilipata nguvu kwa sababu ya mtambo mmoja. Zamani kazi ya kutoa mbegu katika pamba ilifanywa kwa vidole, na mtu mmoja aliweza kusafisha kama ratili moja tu kwa siku. Mwaka 1793 mtu aitwaye Eli Whitney alitengeneza mtambo wa kuzungusha kwa mkono uliosafisha ratili 50 kwa siku. Mtu angedhani kwamba chombo hicho kingempumzisha mtumwa. Ikawa kinyume. Kwa kuwa pamba ilisafishwa upesi, matajiri walitaka kulima mashamba makubwa zaidi, na kwa mashamba makubwa walitaka watu wengi zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 yaonyesha kwamba jimbo la Mississippi lilikuwa na watu 791,305, na kati yao 436,631 walikuwa watumwa. Yaani zaidi ya nusu ya watu wa nchi walikuwa mali ya wenzao.

Pamba hiyo ilikwenda wapi? Nyingi ilivuka bahari mpaka Liverpool, ikafumwa katika viwanda vya Uingereza. Sehemu nyingine ya pamba ya kusini ilipelekwa kaskazini mwa Marekani, ikafanywa kitambaa kigumu kisichotiwa rangi. Tangu miaka ya 1830 wafanya biashara wa Salem walikileta kitambaa hicho Unguja, na Waswahili wakakiita amerikani. Wazee wanalikumbuka neno hilo. Misafara ilikichukua amerikani kutoka pwani mpaka Tabora, mpaka Ujiji, mpaka Manyema, nacho kilikuwa kama fedha: kwacho ndovu aliuawa, na kwacho mtu alinunuliwa. Tazameni, basi, jinsi uovu unavyojizungusha. Mtumwa mweusi alichuma pamba kule Mississippi, na nguo iliyofumwa kwa pamba ya watumwa ilikuja kumnunua mtumwa mweusi kando ya Lualaba.

Kifungo kingine kinatuunganisha na nchi ile. Watu wengi waliouzwa katika pwani ya Kongo zamani walifikishwa Louisiana, jimbo lililo ng'ambo ya mto mbele ya Natchez. Katika mji wa New Orleans uko uwanja uitwao Congo Square mpaka leo, ambapo siku za Jumapili watumwa waliruhusiwa kukutana, kupiga ngoma na kuuza vitu vyao vidogo. Watu hao walikuwa damu yetu.

Soko la Njia Panda

Tangu tarehe 1 Januari 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo. Lakini haikukataza kuwauza ndani ya nchi. Katika Virginia na Maryland ardhi ya tumbaku ilikuwa imechoka, na mabwana wa huko waliwauza watumwa wao kwa watu wa pamba. Kwa njia hiyo, kabla ya mwaka 1860, kama watu milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani kupelekwa kusini. Wengine walisafirishwa kwa merikebu mpaka New Orleans, kisha kwa meli ya moshi mpaka Natchez. Wengine walikwenda kwa miguu, safari ya zaidi ya kilometa 1,500. Wanaume walifungwa wawili wawili kwa mnyororo, wanawake na watoto wakafuata nyuma.

Wauzaji wakubwa kupita wote walikuwa Isaac Franklin na John Armfield, walioanza ushirika wao mwaka 1828. Armfield alikaa Virginia akinunua. Franklin alikaa Natchez akiuza. Mwaka 1833 ugonjwa wa kipindupindu uliingia, na watu wa mji wakagundua kwamba maiti za watumwa wa Franklin zilikuwa zimefukiwa juu juu tu karibu na makao yao. Wakakasirika sana. Lakini hawakukasirika kwa sababu watu waliuzwa. Walikasirika kwa kuogopa ugonjwa. Wakuu wa mji wakaamuru wachuuzi wa watumwa watoke nje ya mipaka. Ndipo soko likakusanyika umbali wa maili moja hivi mashariki, mahali njia zilipogawanyika, nalo likaitwa jina la mahali hapo: Njia Panda.

Hapakuwa na mnada wa kelele pale. Palikuwa kama dukani. Wanaume walivishwa koti na kofia mpya, wanawake nguo za maua, wakapangwa kwa safu. Mnunuzi alipita akitazama meno, akikunja vidole, akifunua mgongo aone kama una makovu ya kiboko, kwa maana mgongo wenye makovu ulionyesha mtumwa mkaidi, na bei yake ilishuka. Mume aliuzwa huku, mke kule. Sheria ya nchi haikuitambua ndoa ya mtumwa. Mbele ya Mungu walikuwa mume na mke. Mbele ya karani walikuwa mistari miwili katika daftari.

Siku za mtumwa

Shambani siku ilianza kwa baragumu au kengele kabla ya mapambazuko. Msimamizi, ambaye sisi tungemwita kapita, aliwapeleka watu mashambani, na mara nyingi chini yake alikuwako mtumwa mwenzao aliyeshika kiboko. Tangu mwezi wa Agosti mpaka karibu na Noeli watu walichuma pamba, na miiba ya vikonyo iliwachana vidole. Jioni kila kikapu kilipimwa kwa mizani. Aliyepungukiwa alichapwa, aliyezidisha alijua kwamba kesho atadaiwa hivyo hivyo. Chakula cha juma zima kilikuwa unga wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe. Wengine walilima bustani ndogo usiku au Jumapili, wakauza mboga na mayai mjini.

Mjini watumwa walikuwa wapishi, wafuaji, waashi, maseremala, waendeshaji wa magari ya farasi. Wengine walikodishwa kwa watu wengine, na mshahara ulikwenda kwa bwana. Ili kutembea usiku walihitaji cheti cha bwana wao. Sheria ilizuia mikutano yao ya kujifunza kusoma, kwa sababu wakubwa walijua jambo ambalo kila mwalimu alijua: mtu asomaye ataanza kuuliza.

Mwana wa mfalme

Mwaka 1788 kijana mmoja mwenye miaka 26 alifikishwa Natchez akauzwa kwa mkulima aitwaye Thomas Foster. Jina lake Abd al-Rahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, katika nchi ambayo leo ni Guinea. Alikuwa amesoma Timbuktu, alijua kuandika Kiarabu, na alikuwa jemadari wa askari wa baba yake alipotekwa vitani na kuuzwa kwa wafanya biashara Wazungu. Alimwambia Foster kwamba baba yake angelipa dhahabu ili akombolewe. Foster hakukubali. Akamwita "Prince" kwa dhihaka, akampa jembe.

Mwaka 1807 Ibrahima alikuwa akiuza mboga sokoni karibu na Natchez, akamwona Mzungu mmoja akipita juu ya farasi. Wakatambuana. Mzungu huyo alikuwa daktari Cox, Mwairishi, ambaye zamani alipotea porini Afrika akiwa mgonjwa, na baba yake Ibrahima ndiye aliyempokea na kumtunza mpaka akapona. Daktari alimsihi Foster amwuzie rafiki yake ili amweke huru. Foster akakataa, kwa kuwa mtumwa huyo alikuwa na faida kubwa shambani. Cox akafa kabla ya kufanikiwa. Ndipo mwaka 1828, baada ya barua ya Kiarabu kufika Morocco na serikali ya Marekani kuingia katika shauri, Ibrahima alipofunguliwa. Alikuwa mtumwa miaka 40. Watu wa Natchez walichanga fedha kumkomboa mkewe Isabella, lakini watoto wao walibaki. Ibrahima alizunguka miji ya kaskazini akiomba fedha za kuwakomboa, kisha akavuka bahari mpaka Liberia, na huko akafa tarehe 6 Julai 1829 bila kuuona tena mji wa kwao.

Twamwonea huruma mzee huyu, na ni haki. Lakini tuseme kweli yote. Futa Jallon, nchi ya baba yake, nayo ilikuwa nchi ya watumwa. Mateka wa vita vyake waliuzwa pwani kama yeye alivyouzwa. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kinyozi na daftari lake

Sasa tumefika kwa mtu tuliyemtaja mwanzoni. William Johnson alizaliwa mtumwa mwaka 1809. Mwenye mama yake alikuwa Mzungu wa jina hilo hilo, na watu huamini kwamba ndiye aliyekuwa baba yake. Mama aliwekwa huru mwaka 1814, na mtoto mwaka 1820, alipokuwa na miaka 11. Akajifunza kunyoa kwa shemeji yake, akanunua duka lake mwaka 1830, akaoa mwaka 1835. Alikuwa mwenye bidii na akili. Wazungu wakubwa wa Natchez walikaa kitini kwake, naye akashika wembe juu ya koo zao huku akisikiliza habari zote za mji. Akapata maduka matatu ya kunyolea, nyumba ya kuogea, shamba, na fedha za kukopesha hata Wazungu.

Tangu mwaka 1835 mpaka mwaka 1851 aliandika daftari la kila siku, zaidi ya kurasa 2,000. Daftari hilo lilihifadhiwa na wazao wake, likachapishwa mwaka 1951. Ndani yake mna bei za vitu, mbio za farasi, mioto, magonjwa, na tufani kuu ya tarehe 7 Mei 1840 iliyoua watu zaidi ya 300 mjini na mtoni. Mna pia hofu yake. Mwaka 1841 wakubwa walianza kuwachunguza Weusi walio huru, na kila mmoja alilazimika kupata Wazungu wa kumshuhudia kuwa mtu mwema, la sivyo afukuzwe katika jimbo. Johnson aliandika kwa uchungu jinsi rafiki zake walivyohangaika.

Na mtu huyu, aliyezaliwa katika kifungo, aliyejua hofu hiyo, alikuwa na watumwa. Katika maisha yake aliwamiliki zaidi ya kumi.

Mmoja wao aliitwa Steven. Steven alikuwa mfanya kazi, lakini alipenda pombe. Alitoroka akalewa, akarudishwa, akapigwa, akatoroka tena. Mwisho wa mwaka 1843 Johnson aliamua kumwuza kwa dola 600. Alishuka naye bandarini. Akampa mikanda ya kushikia suruali, jozi ya soksi na sigara mbili. Akampa mkono, akamtazama akipanda chombo kwa mara ya mwisho. Kisha akarudi nyumbani akaandika kwamba siku hizo zilikuwa za huzuni nyingi kwake, kwamba alitokwa na machozi kwa sababu ya kumwuza maskini Steven, na kwamba chanzo ni pombe.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha. Hatuna sababu ya kudhani kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Mtu haandiki uongo katika daftari asilotaka lisomwe. Johnson alimhurumia Steven kweli. Lakini dola 600 alizipokea. Machozi hayakufuta hati ya mauzo. Moyo wake ulimwambia neno, naye akaujibu kwa soksi na sigara.

Kwa nini? Kwa sababu ya mazoea. Katika Natchez kila mtu mwenye heshima alikuwa na watumwa. Kununua mtu kulikuwa kama kununua nyumba: alama ya kwamba umefika. Dhambi ikizoewa na wakubwa huvaa nguo za adabu, na mtu mdogo anayetaka kupanda huivaa naye. Biashara ile haikuhitaji wakatili peke yao. Ilihitaji makarani, wenye meli, wafumaji wa nguo na vinyozi wapole, watu wa kila siku waliokwisha kuzoea.

Mwezi wa Juni 1851 Johnson alipigwa risasi na jirani yake kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Walioona walikuwa Weusi. Mwuaji alidai kwamba yeye ni Mzungu, na sheria haikuruhusu mtu mweusi kumshuhudia Mzungu mahakamani. Akaachiliwa. Sheria ile ile iliyompa Johnson haki ya kumwuza Steven ilimnyima yeye haki baada ya kufa. Anayekubali kipimo cha udhalimu kwa mwenzake ajue kwamba kipimo hicho hakina rafiki.

Na Kanisa je?

Msomaji Mkatoliki atauliza: mapadri walikuwa wapi? Swali hilo tusilikwepe. Natchez ilifanywa jimbo la Kanisa mwaka 1837, na mwaka 1842 askofu wake wa kwanza, Mhashamu Chanche, alianza kujenga kanisa kuu, lililopo mpaka leo. Mwaka 1839 Baba Mtakatifu Gregori wa XVI aliandika barua kali akiwakataza Wakristu wote kuwatia watu utumwani na kufanya biashara yao. Lakini huko Marekani wengine waliifafanua barua hiyo kana kwamba inahusu tu biashara ya baharini kutoka Afrika, isiguse watumwa waliokwisha kuwa nyumbani. Mwaka mmoja tu kabla ya barua hiyo, mwaka 1838, Wayesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wazee na watoto wachanga pamoja nao, wapelekwe Louisiana, ili walipe madeni ya shule yao. Mwaka 2017 Shirika hilo liliwaomba msamaha wazao wa watu hao mbele ya wote.

Katika nchi ile watoto wa watumwa walibatizwa, na majina yao yakaandikwa katika vitabu vya parokia, mara nyingi jina moja tu, na kando yake jina la bwana. Kitabu kile kile kilimwita mtoto huyo mwana wa Mungu na mali ya mtu. Twaandika haya bila furaha. Mama yetu Kanisa ni mtakatifu kwa sababu ya Kristu aliye Kichwa chake. Watoto wake waweza kuzoea dhambi kama wengine, nao wahitaji kutubu.

Siku ya kufunguliwa

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani mwaka 1861. Tarehe 13 Julai 1863 askari wa kaskazini waliingia Natchez. Watumwa wakaacha mashamba wakaja mjini kwa maelfu. Waliwekwa kambini penye matope chini ya genge, na ugonjwa ukawaua wengi sana. Askofu Elder, ambaye hakuwa amepinga utumwa, alishuka huko akawahudumia wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa wakifa. Wanaume wengi Weusi waliandikwa kuwa askari. Ndipo likaja jambo ambalo hakuna mwuzaji aliyeliota: askari hao Weusi walipewa amri ya kulibomoa soko la Njia Panda. Zile mbao zilizowafungia watu, wakazing'oa kwa mikono yao wenyewe.

Kati ya waliofunguliwa alikuwako kijana wa miaka 16, John Roy Lynch. Alipata kazi katika nyumba ya kupiga picha, na ng'ambo ya kichochoro ilikuwako shule ya watoto wa Kizungu. Kazi ilipopungua alisimama dirishani akisikiliza masomo, akiyarudia moyoni. Mwaka 1872 alichaguliwa kuwa Spika wa bunge la Mississippi, na mwaka 1873 aliingia katika bunge la Marekani. Ninyi wanafunzi mnaolalamika kwamba shule iko mbali, mkumbukeni kijana yule wa dirishani.

Leo hakuna mtu auzwaye Natchez. Mahali pa Njia Panda pamewekwa minyororo katika saruji ili watu wakumbuke, na nyumba ya kinyozi Johnson imekuwa nyumba ya makumbusho.

Nyumbani mwetu

Basi, tumesafiri mbali, sasa turudi. Sisi pia tuna mto wetu na mashamba yetu ya zamani. Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana Mkongo, kibarua wa kampuni ya biashara, alichapwa kwa ajili ya skapulari yake mpaka mgongo ukaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Kanisa limemtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Twampenda, na tuna haki ya kujivunia jina lake. Lakini ni rahisi kusimama upande wa Bakanja katika picha. Ni vigumu zaidi kujiuliza kama sisi wenyewe hatumo katika daftari la kinyozi.

Baba na mama wa familia, yule mtoto wa ndugu mliyemleta kutoka kijijini, je, mlimleta asome, au achote maji? Analala wapi? Anakula pamoja na watoto wenu, au hungoja masufuria? Mtumishi wa nyumbani, mshahara wake hulipwa mwisho wa mwezi, au huahirishwa kwa sababu "ni kama ndugu"? Binti anapoolewa, je, mahari ni ishara ya heshima kati ya jamaa mbili, au tunapanga bei kama wale waliopita kwenye safu ya Njia Panda? Mtoto abebaye mifuko ya mawe ya madini badala ya kubeba vitabu, nani anakula faida ya mgongo wake?

Pengine sisi si wakatili. Pengine tunawahurumia. Tunawapa nguo kuukuu siku ya Noeli, na machozi yetu ni ya kweli. Johnson naye alimpa Steven soksi. Mungu hatatuuliza tulilia mara ngapi. Atatuuliza tulitenda nini. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakuomba apewe zawadi. Aliomba apokelewe, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa.

Jioni hii, kabla ya sala ya familia, mwenye nyumba na amtafute yule aliye jikoni bado, amwambie aache vyombo, aje apige magoti pamoja na wengine. Na baada ya sala asirudi jikoni peke yake.